Jembe Lililoanguka

Lameki alimwona Telesia penye malori, njia panda ya Makambako, mwaka 1954. Alikuwa karani mwenye tai nyekundu, basi akadhani kila msichana pale anamtazama yeye. Telesia, gauni la maua na miguu ya vumbi, alikuwa ananunua chumvi.

"Kamwene, mrembo. Nikusindikize?"

"Na tai hiyo? Utajikwaa."

Akanaswa papo hapo. Barua zikaenda na kurudi Njombe, kwao Telesia, kwa malori ya mahindi, "kipenzi" huku, "wangu wa moyo" kule, hadi Lameki akamtuma mjomba wake Nahumu kupeleka jembe la posa.

Kwa desturi yao, baba wa binti hulipokea kwa mkono wake mwenyewe. Likimponyoka, posa imekataliwa. Mzee Hezekia, baba yake Telesia, alinyoosha mkono, mkono ukatetemeka, jembe likaanguka chini. Nahumu, mzee wa kanisa asiyekosa neno, hakuuliza hata swali moja. Alirudi Makambako akitangaza, "Mlevi yule! Pombe ya ulanzi imemla mikono, na bado anatudharau!"

Na Lameki akaamini, msomi mzima! Barua tatu za Telesia alizirudisha bila kuzifungua.

Mwezi wa nne tangu jembe lianguke, Telesia akamfuata pale pale penye malori.

"Baba hajaonja ulanzi maisha yake yote. Ni ugonjwa, Lameki. Daktari wa misheni anauita Pakinsoni. Mimi ndiye ninayemfunga vifungo, ninayemlisha, ninayemgeuza kitandani. Ungesoma barua moja tu, ungejua."

"Mpenzi, mjomba alisema..."

"Mjomba wako ana macho ya kutafutia dhambi. Ya kwako uliyaweka wapi? Baba simwachi. Anayenitaka atuchukue wawili."

Lameki aliona aibu, na ilimstahili. Jumapili akapanda lori, jembe amelibeba mwenyewe. Mzee alinyoosha mkono ule ule. Lameki akaukinga kwa wake, na jembe halikuanguka.

"Nililitaka hata lile la kwanza," mzee akasema, kwa sauti ndogo iliyochukua muda kutoka.

Telesia hakutabasamu bado. Akaweka bakuli la uji mbele ya Lameki.

"Jembe limepokelewa. Sasa shika kijiko."

Kijiko cha kwanza kilimwagikia kidevuni mwa mzee. Lameki akatazama huku na huku, hakuona kitambaa. Akavua tai yake nyekundu, akamfuta mzee taratibu.

Hapo ndipo Telesia alipocheka.