Ngozi Ilitoa Habari za Damu

Wateja walimwita Vidole, kwa sababu hakuna msusi aliyesuka haraka kama yeye. Alisuka tangu asubuhi mpaka jioni, huku akipiga soga.

Siku moja mikono ilikataa. Aliiinua hadi kichwani kwa mteja, ikashuka yenyewe. Akipanda ngazi, mapaja yalilegea. Kope zake zilikuwa za zambarau, na vijipele vyekundu vilitoka juu ya viungo vya vidole.

"Ni hizo dawa za nywele," alisema mumewe, fundi baiskeli. "Nitakununulia glavu."

Alivaa glavu wiki tatu. Hali ikazidi.

Ndipo nesi mmoja alipokuja kusukwa. Alimwona Vidole akipumzisha mikono kila baada ya mstari mmoja.

"Dada, hebu kaa, kisha inuka bila kushika kitu."

Vidole alijaribu mara mbili. Hakuweza.

"Hii si dawa ya nywele," alisema nesi. "Ngozi na misuli vinaumwa pamoja. Kesho twende hospitali."

Daktari alimpima damu na misuli. Kisha akampapasa shingo na kwapa.

"Daktari, shida yangu ni mikono. Kwapani unatafuta nini?"

"Kinga ya mwili wako imegeuka, inashambulia misuli na ngozi. Wengi wenye ugonjwa huu hawana saratani. Lakini kwa mtu mzima, wakati mwingine saratani hujificha nyuma yake, hata ya damu. Lazima tuitafute mapema."

Kwapani palikuwa na tezi iliyovimba, ndogo kama harage. Walikata kipande, wakakipima. Ilikuwa saratani ya damu, ile inayoanzia kwenye tezi. Ilikuwa bado changa.

"Lakini tezi haijamuuma hata siku moja!" alisema mumewe, aliyekuja na nesi kusikia majibu.

"Ndiyo maana ngozi imetusaidia," nesi alijibu.

Mume alizitazama kope za mkewe kwa muda mrefu. "Kumbe damu ilikuwa inapiga kelele," alinong'ona, "na mimi nanunua glavu."

Vidole alitibiwa miezi minane. Nywele zilinyonyoka zote. "Msusi kipara!" alijitania. Mwishowe vipimo havikuonyesha tena saratani. Nguvu zilirudi kidogo kidogo, na kliniki hakuacha kwenda.

Siku aliyosuka kichwa kizima bila kupumzika, mumewe alisimama mlangoni pa saluni.

"Unaangalia nini wewe?"

"Mikono yako," alisema. "Sikujua kuinua mkono ni jambo kubwa hivi."