Kisanduku cha Sauti Kilichofichwa Kabatini Mwangu

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, mkaaji wa Makomeno hapa Lubumbashi. Nawaandikia nyinyi msionijua, kwa sababu wanaonijua wamechoka kuniona nikilia. Nisikilizeni, ndugu zangu... mimi nina anayenisikiliza basi?

Mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa ghafla. Papa, yaani baba yangu, mstaafu wa reli, alikuwa Sakania kwa dada yake, na treni haikutembea. Mama alipoona mume wake hatamkuta hai, aliniomba nifungue simu yangu, niiweke ianze kurekodi, kisha nitoke chumbani. Nikatoka!

Kwetu, maneno ambayo mke anamwachia mumewe saa ya kufa ni ya mume peke yake. Mtoto hayasikii. Mtoto hayabebi kinywani. Nilisimama nje ya mlango, nikasikia mnong'ono tu. Asubuhi mama hakuamka.

Papa alifika, kilio kimejaa watu. Nikampa simu, akaiweka sikioni, akainamisha kichwa.

"Mi minasikia tu mbu," akasema.

Sauti ya mama ilikuwa dhaifu, na masikio ya papa yalikuwa yamechoshwa na kelele za karakana ya reli maisha yake yote. Kuiweka kwa sauti ya nje? Watu wote wangesikia! Papa akanirudishia simu.

Mume wangu Fidèle ni fundi wa kompyuta. Akasimama mbele ya wakwe zake wote.

"Papa, mi mukwe wako njo nitafanya usikie ile sauti."

Wajomba wakampigia makofi. Nami nikajivuna, wee! Nani hangejivuna na mume wa namna hiyo? Ila neno ambalo mkwe amelitoa kwenye kilio halirudi nyuma. Ukoo mzima unalishika, unalingoja.

Fidèle alileta kompyuta kubwa, akaipanga sebuleni kwa papa, akamvalisha vipokea sauti vikubwa vya masikioni. Alijaribu kwanza kwa nyimbo za kwaya, ndipo akatuambia sote tutoke, papa akabonyeza mwenyewe. Tuliporudi, machozi yalikuwa yanamtiririka. Alimsikia mama akimwita kwa jina lake! Halafu mvumo ukafunika mengine yote.

"Iko inalia sawa mafuta mu kikaango," papa akasema. "Lakini aliniita. Mulisikia? Aliniita."

Tangu siku hiyo papa hakuwa na swali lingine duniani. Alisema nini baada ya kuniita?

Fidèle akaeleza kwamba sauti ya kompyuta ile ni ya hovyo, kwamba ataweka ndani yake kadi nzuri ya sauti na mvumo utaisha. Basi akaingia kaka yangu Deo, anayefanya kazi mgodini upande wa Kinsevere, alikuwa amekuja mapumziko.

"Hapana, beau, shemeji yangu. Makelele iko inatoka mu tumbo ya machine yenyewe. Ukiweka carte mule mule ndani, itakula tu ile makelele. Tutwale DAC, kale kasanduku ka inje ka kusafisha sauti. Unakachomeka hata ku simu, papa anaingia nayo mu chumba yake, anabakia na mama yetu."

"Mi ninafanyaka hii kazi tangu zamani," Fidèle akajibu. "Unaniona mi niko mujinga mbele ya papa?"

Nani alikuwa sahihi? Nilijua. Sijui mambo ya mitambo, lakini papa nilimjua. Mfiwa gani atasikiliza maneno ya mkewe sebuleni, wageni wakipita kusalimia? Na kompyuta isingeweza kwenda chumbani, kwa sababu mkwe hakanyagi chumba cha kulala cha baba mkwe wake, hata kwa kazi. Kisanduku cha nje ndicho kilichofaa! Lakini ningemwambia mume wangu hivyo mbele ya ndugu zangu? Nikanyamaza.

Deo akarudi mgodini, akaagiza kisanduku chake kupitia mama mmoja mfanyabiashara anayesafiri kupitia Sakania. Fidèle akanunua kadi yake, akaitia ndani ya kompyuta. Papa akanyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akangoja. Umeme ukakatika... uliporudi, ulirudi kwa nguvu kupita kiasi, kompyuta ikatoa harufu ya kuungua. Kadi ikafa.

Papa akaenda kuvua shati.

Fidèle akaagiza kadi nyingine. Kila asubuhi nilipompelekea papa chai, aliniuliza kama kintu ya Deo imefika. Nilimuuliza Fidèle, kwa kuwa yeye ndiye aliyepaswa kukipokea. Akajibu kwamba bado, iko mu douane, kwa watu wa forodha. Deo akipiga simu kutoka mgodini, jibu alilopewa ni lile lile. Nilimwamini. Mke asimwamini mumewe, amwamini nani?

Mvua zikaja, na malaria ikamwangusha papa. Ilimpanda kichwani. Wakamtundikia dripu ya kinini, ile dawa kali ya malaria, tukakesha tukisali, na Mungu akamwacha hai. Lakini alipofumbua macho, alilalamika kwamba kengele zinalia kichwani. Baadaye kengele nazo zikanyamaza. Daktari akasema tungoje, pengine masikio yatafunguka. Tulingoja... Hayakufunguka!

Siku moja nilikuwa natafuta gauni la ubatizo la mtoto wangu. Chini ya makoti ya Fidèle, ndani ya kabati letu wenyewe, nikakuta kifurushi kimefungwa, kina jina la Deo juu. Nikaenda kwa yule mama mfanyabiashara, akashangaa. Alikuwa amempa Fidèle mkononi, papa akiwa bado mzima!

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikilala karibu na dawa ya papa, na mlango wa kabati naufungua mwenyewe kila siku.

Fidèle alilia mbele yangu.

"Nilitaka tu carte yangu njo ianze," akasema. "Kisha ningemupatia ile ya Deo. Nilisema mbele ya bantu yote, ukoo muzima... Nilisema."

Nimwambie nini? Hakuiba. Hakumpiga mtu. Alificha kitu kidogo kinachoingia mfukoni, ili asipate haya. Deo hakanyagi tena kwetu, na mimi bado naishi na Fidèle, tunakula meza moja bila neno.

Nilifungua kisanduku, nikakijaribu kwa nyimbo za kwaya. Sauti safi, hata pumzi za waimbaji unazisikia! Nikakipeleka chumbani kwa papa, nikamvalisha, nikabonyeza.

"Bon, minangoja," papa akasema.

Ilikuwa imekwishaanza.

Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba aniruhusu nisikilize, nimwandikie kila neno. Alisoma polepole, akanirudishia karatasi.

"Hapana, mwanangu. Maneno ya mama yako haipite mu masikio ya mutoto. Ikiwa yangu imefungwa, ibakie."

Wapendwa, kama una sauti ambayo mtu wako anaingoja, mpe leo, hata kwa kifaa cha jirani, hata kwa kifaa cha adui yako. Wanaume, nawasihi, mwacheni shemeji ashinde! Na wewe mke unayejua na kunyamaza kwa heshima, mimi heshima hiyo hainisaidii kitu leo. Usinifuate.

Naishia hapa, papa ananiita. Kila alasiri anataka nimvalishe. Nabonyeza, taa ya kijani ya kisanduku inawaka, naye anafumba macho, shati lake jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mimi nageuka kutazama dirishani, kama mtoto anavyopaswa kufanya. Taa haimwambii sauti imefika wapi, kwa hiyo baada ya muda ananigusa mkono.

"Imeisha?"

Naangalia simu, kisha naitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, imeisha.