Mguu Chini ya Ambreyaji

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Butembo fundi Mathe alipoingia uani kwa Mama Tamar, huko mtaa wa Kimemi, na sanduku lake la spana. Kazi ilikuwa ndogo. Kamio ya mume wa Tamar, lori la zamani, ilikuwa inasaga meno kila ilipobadilishwa vitesi, yaani gia, na kesho dereva mpya angeipeleka Kyavinyonge, ziwani, kubeba samaki.

Mume huyo, Abdias, alipotea mwaka jana. Jioni moja alimpakia mgeni njiani. Asubuhi kamio ikakutwa kando ya barabara, motere inanguruma, milango imefungwa kwa ndani. Ndani hamkuwa na mtu.

Mathe alipanda, akawasha. Akakanyaga ambreyaji, pedali ya klachi, akaingiza vitesi ya kwanza.

Krrrr...

Ya pili. Krrrr... Ya nyuma, hivyo hivyo.

Ingekuwa moja tu, angesema boîte ya vitesi imelika meno. Lakini zote? Basi ambreyaji ndiyo haiachii. Akakanyaga tena, polepole. Pedali ilishuka, kisha ikagota vidole vinne kabla ya sakafu. Haikugota chuma. Iligota kitu laini.

Aliinama na kumulika. Hapakuwa na kitu. Ila harufu... tope, na samaki waliolala.

Akazima motere, akatia ufunguo mfukoni.

"Mama, panda mule. Nikisema kanyaga, ukanyage. Miye naangalia chini."

"Sawa, Papa Mathe," Tamar alijibu kutoka jikoni.

Alijilaza chini ya kamio. Akasikia mlango ukifunguka, ukafungwa.

"Kanyaga."

Mkono wa ambreyaji ukasogea. Safari hii mpaka mwisho.

"Achia."

Ukarudi, vizuri kabisa. Mathe alipumua. Kumbe ni jambo dogo.

Ndipo alipoona miguu ya Tamar, na viatu vyake vya plastiki, ikija taratibu kutoka jikoni.

"Unisamehe, Papa Mathe. Nilienda kwanza kuondosha chungu kwa moto. Sasa nipande?"

Juu yake, pedali ilikanyagwa bila kuambiwa.

Motere ikawaka.

Alishika mfuko wake. Ufunguo ulikuwa humo.

Vitesi ya nyuma iliingia kwa kusaga. Kamio ikarudi hatua moja. Gurudumu likapanda juu ya mkono wa koti lake na kusimama hapo, karibu na bega. Alivuta. Kitambaa hakikutoka. Gurudumu lilikuwa linatetemeka, kama mbwa anayezuiliwa.

"Mama," alinong'ona, "iko nani kule juu?"

Tamar alipiga magoti. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Abdias. Kila mangaribi ninasikiaka anakohoa mule ndani. Sikukuambia, sababu ungekatala kuya."

"Umuambie aniachie."

"Haiko yeye anarudisha kamio nyuma. Yeye anakatalaka. Anawekaka mguu chini ya pedali, vitesi isiingie." Alitazama mlango wa dereva. "Ni ule mugeni. Anatafuta mutu mwingine wa kuenda naye."

Gurudumu lilisogea kidogo. Mathe akahisi ngozi ya bega lake ikibanwa. Alilisukuma kwa mkono mwingine.

Tamar alimtazama. Kisha akasimama. Mathe aliona viatu vile vikielekea mlango wa upande wa pili.

"Usipande, mama," alisema. "Usipande..."

"Miye nimekuya," Tamar alisema, lakini si kwake. "Umuachie huyu mutu."

Mlango ukafungwa.

Vitesi ya kwanza ikaingia kimya, kama kisu ndani ya avokado iliyoiva. Kamio ikasonga mbele, koti likatoka. Chuma kikapita juu ya kifua chake. Alipotambaa na kuinua kichwa, taa mbili nyekundu zilikuwa zimeshashika barabara ya Beni.

Mpaka leo kamio ile haijaonekana, wala Tamar.

Siku ya tatu baada ya jioni ile, Mathe alikwenda kwenye kizuizi cha njia ya Beni. Askari aliyekuwa zamu jioni ile aliitwa Bertrand, mtu wa Kasai, aliyekuwa na mwezi mmoja tu pale na bado hajulikani na watu. Alikumbuka vizuri.

"Balikuwa batatu," alisema. "Mama iko katikati. Bwana moja alikuwa analia."

"Na ule mwingine?"

Bertrand alitazama barabara tupu. Alishusha sauti.

"Ule mwingine... aliniita jina yangu. Akasema atanirudilia."