Kichupa Kikishafunguliwa

Kwa heshima na taadhima, naitangazia dunia kwamba mimi ndiye mtetezi wa afya ya bweni zima. Nesi alipowasili na kisanduku chake cha barafu, mtetezi huyo alikuwa amejikunyata nyuma ya tangi la maji, akicheka mpaka mbavu zinamuuma.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumefagia, tumetandika vitanda na kugombania bomba kama kawaida. Hapo bombani ndipo nilipopenyeza neno: atakayechanjwa chanjo ya surua atakojoa kitandani mpaka siku ya harusi yake. Bwenini, heri kuitwa mwizi kuliko kikojozi.

Nesi alifungua kichupa cha chanjo ya kutosha watu kumi. Wawili wakachanjwa, kisha foleni ikayeyuka.

"Mnakimbia nini?" aliuliza, uso ameukunja.

"Kachome wanao," mmoja alifoka dirishani. Wenzake wakazomea.

"Wanangu nimewachoma kwa mkono huuhuu. Sasa nisikilizeni, mabingwa wa kuzomea. Chanjo hii imetengenezwa nchi ya mbali, nchi nyingine zikachangia gharama, marubani na madereva wakailinda isipate joto. Surua haisimami mpakani, ndiyo maana wakashirikiana. Kichupa kikishafunguliwa hakirudi kisandukuni. Jioni namwaga."

Kicheko kiliniisha nilipomwona mdogo wangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akiikwepa foleni na kunyata kuelekea uani. Jana yake, mwenzake wa dawati moja alipelekwa hospitali, macho mekundu, mwili mzima vipele. Nikatoka mafichoni na kumkamata kola.

"Rudi kwenye foleni."

"Niache."

"Utaugua, we mjinga."

"Kwa hiyo nikojoe mbele ya bweni zima? Kaka, si wewe mwenyewe uliyetuambia?"

Hakunong'ona. Uwanja mzima ukamsikia. Kiranja wetu, ambaye ngumi zake hazijui utani, akaanza kunisogelea.

Nesi akamzuia, akanitazama kama mtu aliyeona funza kwenye tunda. "Watu wa nchi ngapi wameshikana mikono kuifikisha hapa, wewe ukaiangusha kwa mdomo. Mwenye shaka aniulize, nitamjibu. Uzushi nimjibu nani, na mtoto kashalala wodini?"

"Nilitunga," nikasema. "Hakuna atakayekojoa."

"Sauti. Wa dirishani hawajasikia."

Nikarudia kwa sauti. Wakarudi mmoja mmoja, wakinitukana kila waliponipita. Mdogo wangu akachanjwa, akaondoka bila kuniangalia. Nami nikakalishwa kitini.

"Na ulitunga kwa nini?"

"Nilitaka kucheka tu."

Nesi akaushika mkono wangu. "Mbona unatetemeka hata sijakuchoma?"

Nikatazama pembeni. Kiranja alikuwa anasikiliza, na bweni zima nyuma yake.

"Naogopa sindano," nikasema.