Paka, Chai na Kipimajoto

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Naapa kwa miwani yangu, ambayo bila hiyo sioni hata pua yangu. Najua mtaani wanasema napiga chuku. Basi atakayekuta uongo humu, hata mmoja, nitamsafishia banda la kuku mwezi mzima kwa mikono yangu hii hii.

Mimi ni fundi saa mstaafu. Watu wananiita Mzee Saa. Naishi na mwanangu na mkewe. Mwanangu huenda kazini asubuhi. Mchana tunabaki mimi, mkwe wangu, na sanduku la mayai.

Sanduku hilo ni la mbao. Ndani kuna taa ya kutia joto, bakuli la maji na mayai arobaini. Ni mali ya kikundi cha wanawake, na wanachama hulitumia kwa zamu. Zamu ya kwanza ya mkwe wangu, mayai yote yalioza. Kikundi kikampa nafasi moja tu tena. Yakiharibika na haya, sanduku linakwenda kwa mwingine, na yeye anasubiri mwaka mzima.

Kwa hiyo alikuwa roho juu juu. Anafagia, anarudi kutazama kipimajoto. Anaosha vyombo, anarudi. Anaanika nguo, anarudi na kibanio mdomoni.

"Kaa chini, mwanangu," nilimwambia. "Mayai hayakimbii."

"Hayakimbii, Baba, lakini yanakufa. Yanataka thelathini na saba na nusu. Si zaidi, si pungufu."

Alifunga madirisha yote na mlango, upepo usipoze sanduku. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na mbili. Vifaranga huanguliwa siku ya ishirini na moja.

Alipokwenda uani, nilikuwa mezani na chai yangu ya moto. Kipimajoto kilikuwa karibu nami, maana nilikuwa nakifuta vumbi. Mara paka akaruka mezani. Akakisukuma kipimajoto, kikatumbukia ndani ya kikombe. Nikasikia kioo kikipasuka, pwa! Nikashtuka, kikombe kikapinduka. Vitone vya rangi ya fedha vikabingirika sakafuni kama shanga zilizokatika uzi.

Mkwe wangu alikuja mbio. "Baba, umefanya nini?"

"Uliza paka amefanya nini."

Hakuuliza. Alitazama sanduku, akashika kichwa. "Sasa nitajuaje joto?"

"Usihangaike. Nimetengeneza saa miaka arobaini. Kipimajoto kitanishinda?"

Nilifagia vitone vile upande mmoja. Kisha nikatafuta kichupa cha dawa chenye kizibo cha mpira. Nikakijaza maji, nikatia wino kidogo yaonekane. Nikatoboa kizibo, nikapitisha mrija mwembamba wa kioo. Maji yakapanda mrijani vizuri sana. Nikakibana kichupa kwapani robo saa nzima, nikachora alama pale maji yalipofika. Mwili wangu hauna homa, nilijisemea, basi hapo ni thelathini na saba.

"Alama ya kwapa?" mkwe wangu aliuliza.

"Kwapa la fundi."

Tulikiweka sandukuni. Tukakaa. Tukasimama. Yeye akazunguka meza kulia, mimi kushoto, tukagongana. Baada ya saa moja, maji yalikuwa yameshuka chini ya alama.

"Mayai yanapoa," alisema.

Nikaongeza mwanga wa taa. Baada ya saa nyingine, maji yameshuka tena. Nikaongeza tena. Mara ya tatu mkwe wangu aligusa yai, akanitazama.

"Baba, chupa yako inasema baridi. Mkono wangu unasema moto."

Hakungoja jibu langu. Alitoka mbio kumwita jirani yetu, fundi wa maabara ya shule. Mtaani tunamwita Mama Chupa, kwa kuwa siku zote ana chupa mkononi.

Mama Chupa aliingia na kipimajoto chenye mstari mwekundu. Alikitia sandukuni. Alipokisoma, alipunguza taa na kupandisha kifuniko papo hapo.

"Thelathini na tisa na nusu. Nani alikuwa anayapika?"

Mkwe wangu alijibu kwa macho. Yalinitazama mimi.

Ndipo Mama Chupa akaona vitone sakafuni. "Hiyo ni zebaki. Mvuke wake ni sumu, na hauonekani. Tokeni wote. Sanduku liende chumba cha pili. Fungueni madirisha haya."

"Nimeshafagia," nilisema.

"Ndiyo kosa, Mzee Saa. Fagio linaivunja vipande vidogo na kuitawanya. Umeishika kwa mkono?"

"Kidogo. Inateleza vizuri."

"Kanawe sasa hivi kwa sabuni."

Alivaa glavu. Akavisukuma vitone kwa kadi mbili ngumu, akavinasa vidogo kwa utepe wa gundi. Vyote akavitia kwenye mtungi wenye kifuniko, pamoja na vioo. Fagio letu na kikombe changu vikaingia kwenye mfuko wa plastiki. "Nitavipeleka kwa wanaoshughulikia taka za hatari," alisema. "Msitupe jalalani, msimwage kwenye sinki."

Tulipotulia chumba cha pili, mkwe wangu aliuliza, "Lakini ile chupa ya Baba ilikosea nini? Maji nayo si yanapanuka yakipata joto?"

"Yanapanuka, lakini kidogo, tena si sawasawa. Yakiwa karibu na kuganda, ukiyapasha yanasinyaa kwanza ndipo yapanuke. Yakiganda yanapasua kioo. Hayana rangi, na yanashika kuta za mrija. Halafu Mzee Saa aliacha mrija wazi juu. Maji yalikuwa yanakauka na kuvuja kwenye kizibo. Yalishuka kwa kupungua, si kwa baridi."

"Na mafuta ya kupikia?" niliuliza, maana akili yangu haikai kitako.

"Mazito. Yanachelewa, na yanabaki yamenata kwenye kioo. Kimiminika kizuri kinapanuka vya kutosha, tena kwa hatua zilizo sawa. Kinaonekana. Hakigandi wala hakichemki kwenye joto unalopima. Zebaki ina sifa hizo zote, lakini ni sumu. Hii yangu nyekundu ni spiriti iliyotiwa rangi. Spiriti inapanuka sana na haigandi upesi. Kwa mayai inatosha kabisa. Kwa sufuria la maji yanayochemka haifai, maana yenyewe huchemka kabla ya maji."

"Basi kwa nini cha zamani kilipasuka?" aliuliza mkwe wangu.

"Mwisho wa namba zake ulikuwa hamsini. Chai ya moto inapita sabini. Zebaki ilipanuka, ikakosa pa kwenda, ikapasua kioo." Akanigeukia. "Huyo paka wenu anapenda chai?"

"Yenye sukari," nilisema.

Joto liliporudi thelathini na saba na nusu, mkwe wangu alimulika yai moja kwa tochi. Ndani tukaona mishipa myekundu, na kitu kidogo kikijinyonganyonga. Aliketi chini sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi tangu asubuhi.

Siku tisa zilizofuata alisoma mstari ule mwekundu kila saa. Siku ya ishirini na moja, vifaranga thelathini na mmoja walitoka. Kikundi kikamwachia sanduku kwa zamu nyingine.

Nilipomaliza kuandika, nilimpa mkwe wangu asome. Alisoma taratibu, kidole kwenye mstari. Alipofika mwisho akarudi nyuma.

"Baba, huyu paka ni wa nani?"

"Wa mtaani."

"Umeandika mwenyewe hapa. Madirisha yote yalifungwa, na mlango. Aliingilia wapi?"

Nilivua miwani nikaifuta. Haikuwa na vumbi.

"Nilitaka kujua kama chai imepoa," nilisema.

"Mdomo hukuwa nao?"

Alikwenda nyuma ya mlango, akaniletea fagio jipya.

Leo ni siku ya nne nasafisha banda. Zimebaki ishirini na sita.