Pombe Iliyong'aa Nyakitonto

Naapa, kila neno hapa ni kweli tupu.

Jirani yangu Dorcas, wa Nyakitonto, alitengeneza pombe ya ndizi. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kibondo kumposa binti yake, Veronica. Kwa kuwaheshimu, aliiweka kwenye ndoo mpya za bati, zinazometameta. Iliyobaki aliiacha kwenye kibuyu.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, wageni wajue haina sumu. Dorcas alionja ya kibuyuni. Wageni wakanywa ya ndoo.

Muda si mrefu wakaanza kutapika.

"Mama, umeonja ukabaki mzima," alisema Tharsisi, baba wa kijana. "Hatuoi nyumba yenye sumu."

"Baba, pombe ni hiyohiyo moja," Dorcas alijibu. Ndani, Veronica alikuwa analia.

Wagonjwa walitibiwa zahanati, wakapata nafuu. Kesho yake, kabla hawajaondoka, nikamleta Herieth, mpimaji wa maji pale Kasulu. Alikuja na dawa ya unga na taa ya zambarau, kama ile wanayokagulia noti wabadilisha fedha wa Manyovu. Tukaziba madirisha kwa mablanketi. Mchana ukawa giza, tukawa tunanong'ona kama watu walio ndotoni.

"Dawa hii ikishikana na zinki, hung'aa chini ya taa," alisema Herieth.

Akaitia kwenye chupa mbili za pombe. Ya kibuyuni ilibaki giza. Ya ndoo ikawaka polepole, kijani laini, kama mwezi ndani ya ukungu. Mwanga ukatoka mlangoni, ukapanda vilima, majogoo wa Manyovu wakawika wakidhani kumekucha.

"Kwa hiyo hiyo ndiyo sumu ya mama?" aliuliza Tharsisi.

"Ni ya ndoo, mzee. Bati hilo limepakwa zinki. Pombe ina uchachu, inaimenya zinki, nanyi mnainywa. Ndoo hizi tekeeni maji. Pombe, maziwa ya mgando, maji ya matunda, wekeni kwenye mtungi, kibuyu, au ndoo safi ya plastiki."

Tharsisi akasogeza kigoda karibu na Dorcas.

"Nisamehe, mkwe. Nipe ya kibuyuni. Leo nitaonja mimi."

Veronica akaolewa baada ya mavuno. Kwake ndoo za bati ni za maji tu.

Nilipomaliza kuandika, nikamsomea Dorcas.

"Mzee Kipriani," akasema, "mwanga ule haukutoka hata nje ya chupa. Na majogoo wa Manyovu uliwasikia kwa masikio gani?"

"Labda upepo ulivuma huku."

"Upepo huo utaulipia. Nyasi zile pale, ndizi zile pale."

Basi nimekamua ndizi za pombe kwa nyasi hizo tangu asubuhi, mikono imejaa utomvu. Yeye amekaa kivulini.

"Kamua, mzee. Bado hazijatoa maji."