Uso wa Ukurasa wa Tatu

Je, mwanamke aweza kuionea wivu picha ya kitabu cha watoto? Sijui bado. Najua tu kwamba yote yalianzia sokoni Zombe, mwaka 1986, pale Mutindi, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja likizo, alipomkuta kijana mwenye suti ya kaki akichora katikati ya msongamano wa wauza vikapu.

“Unanichora bila ruhusa?”

“Nachora viondo, dada. Wewe umesimama mbele yavyo.”

“Ajabu! Kiondo chenye hereni!”

Wakacheka. Kijana huyo, Muthama, alikuwa afisa wa afya, na alikuwa akitunga kitabu cha kuwafundisha watoto kujikinga na trakoma, ugonjwa wa macho uliowapofusha wengi pande zile. Mapenzi yakashika mizizi. Hata Muthama alipohamishiwa mji wa Wote, Mutindi aliahidi kukisoma kitabu hicho katika shule ya kwao, juma lile lile ambalo wazee wangeleta mbuzi wa ntheo, ambao wakishapokelewa, binti amekwisha kuwa mke wa mtu.

Ukurasa wa tatu ulimwonyesha mama mrembo, mwenye kishimo shavuni, akimfuta mwanawe uso kwa pindo la leso.

“Sista Tima!” darasa likalipuka.

Tima alikuwa muuguzi wa zahanati, mwenzake Muthama kazini, aliyewatia watoto wale dawa ya macho kila mwezi. Mutindi alikifunga kitabu. Kesho yake alikuwa posta ya Kitui, simu sikioni.

“Shavu la Tima umelikariri hadi kishimo chake! Langu je?”

“Mutindi wangu, umesoma hadi mwisho?”

“Nimeona ya kutosha. Waambie wazee wasilete mbuzi.”

“Watakuja. Wewe soma, mpenzi, kisha uwafukuze mwenyewe.”

Watoto nao hawakumpa nafasi. Walidai hadithi yao. Akasoma, sauti ikiwa kavu. Kurasa zilizofuata, mama yule alijifuta macho kwa leso ile ile. Kope zikageukia ndani, zikamkwaruza mboni, hata mwishowe mwanawe akawa anamwongoza kwa fimbo. Msichana mmoja alijipangusa uso kwa kiganja, kisha akakitazama kiganja chake.

Jumamosi wazee walifika na mbuzi, na Muthama, na Tima aliyejitanda leso ya kijani.

“Alianza kukuchora wewe, dada,” Tima alisema. “Kila alipofika kwenye macho yaliyopofuka, alichana karatasi. Nikamwambia, nichore mimi, usiyenipenda.”

“Na kishimo?”

“Kishimo ni changu, nikipeleke wapi?”

Muthama aliinamisha kichwa. “Ningekuambia mapema. Niliona haya, Mutindi.”

Mutindi alilitazama tena shavu lile; bado lilimchoma. Ndipo aliposimama mbele ya wazee.

“Baba, wapokee mbuzi. Wivu bado ninao, sitawaficha. Lakini nitaolewa na Muthama, na kitabu kitasomwa shuleni kama kilivyochorwa.”